Vitenzi Vyenye Mkia

(Haya ni mazungumzo waliyopewa wahitimu wa kisomo cha watu wazima huko Kiwalani, Dar es Salaam. Tumeyachapa ili na wasomaji wetu wa vijijini wafaidike.)



Mmeniomba nizungumze juu ya Kiingereza. Najua wapo watakaouliza: "Sisi tumejifunza kusoma na kuandika kwa Kiswahili. Kiswahili ndiyo lugha yetu. Kiingereza cha nini?" Swali hilo ni zuri, na nitalijibu kwanza.

Ni kweli, Kiswahili ndiyo lugha yetu ya taifa. Tangu mwaka 1967 watoto wetu wanafundishwa kwa Kiswahili katika shule za msingi za serikali. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria kwamba lugha ya sheria na ya mahakama iwe Kiswahili. Hayo ni mafanikio makubwa, na tujivunie.

Lakini hebu tutazame hapa tulipo. Kiwalani iko jirani na uwanja wa ndege. Viwanda viko kando ya Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee bado wanaiita Barabara ya Pugu. Stesheni ya Tazara haiko mbali. Ukiingia kiwandani, mashine ina maandishi ya Kiingereza. Ukinunua dawa ya mtoto, boksi lina Kiingereza. Mkulima akinunua kopo la dawa ya wadudu, nalo lina Kiingereza. Simu iliyo mkononi, hivyo hivyo. Maandishi hayo hayatungoji tumalize shule. Yapo leo, na mengine yanahusu uhai wetu na riziki yetu.

Basi sitafundisha Kiingereza chote. Siku moja haitoshi, wala mwaka hautoshi. Nitasema jambo moja tu, linalowasumbua hata waliosoma sekondari.

MKIA UNABADILI MAANA

Kitenzi ni neno la kutenda. Lima, soma, pika, hayo ni vitenzi. Kiingereza nacho kina vitenzi vyake. Lakini Waingereza wana desturi moja. Wanachukua kitenzi kifupi, kisha wanakifungia kijineno kidogo nyuma. Kijineno hicho kikishafungwa, maana inageuka. Walimu wanaviita "phrasal verbs". Sisi leo tuviite vitenzi vyenye mkia.

Tuchukue neno "look". Maana yake ni tazama. Sasa tulifungie mikia:

"Look at": tazama kitu.
"Look for": tafuta.
"Look after": tunza.
"Look out!": jihadhari!

Mmeona? Kichwa ni kile kile, mikia ndiyo mbalimbali. Tuseme binti ameajiriwa kazi ya nyumbani. Mwenye nyumba anamwambia, "Look after the baby." Maana yake, mtunze mtoto. Binti akidhani ameambiwa "look for", atamtafuta mtoto chumba hadi chumba, uvunguni mwa kitanda na nyuma ya kabati, na mtoto mwenyewe amelala kitandani anamtazama!

Nasikia mnacheka. Lakini kosa si la binti. Hata akifungua kamusi ndogo, ataambiwa "look" ni tazama, na "after" ni baada ya. Tazama baada ya! Maana hiyo haiingii akilini. Ndiyo maana nasema, neno la namna hii halisomwi kipande kipande. Kichwa na mkia husomwa pamoja, kama neno moja.

SISI NASI TUNAYO MAMBO HAYO

Msidhani Waingereza peke yao ndio wenye vituko. Hebu mtazameni mgeni anayejifunza Kiswahili. Ameambiwa kwamba "piga" ni kuchapa kwa fimbo au mkono. Kisha anatusikia tukisema: piga simu, piga picha, piga pasi, piga mswaki, piga deki, piga magoti, piga kura. Maskini mgeni! Anajiuliza, hawa watu wana ugomvi gani na kila kitu?

Au neno "kata". Tunakata nyama, sawa. Lakini pia tunakata tikiti, tunakata rufaa, tunakata tamaa, tunakata shauri. Hapo hakuna kisu wala damu.

Sisi hayo hayatusumbui kwa sababu tumeyanyonya na maziwa ya mama. Mwingereza naye hivyo hivyo kwa mikia yake. Kwa hiyo mwanakisomo asione haya. Ugumu huu si dalili ya akili ndogo. Kila lugha ina mafundo yake, na mgeni ndiye anayeyaona.

Tena Kiswahili kina njia nyingine ya kugeuza maana. Tunabadili neno lenyewe. Tunasema funga, kisha fungua. Tunasema vaa, kisha vua. Kiingereza mara nyingi hakibadili neno, kinabadili mkia. Tazameni:

Vaa ni "put on". Vua ni "take off".
Washa taa ni "switch on". Zima taa ni "switch off".
Panda basi ni "get on". Shuka ni "get off".

Mkia "on" mara nyingi una maana ya kuwa juu ya kitu, au kitu kuwa kinafanya kazi. Mkia "off" mara nyingi una maana ya kutoka, kuachana, au kuzimika. Nasema mara nyingi. Sisemi siku zote. Mtaona sababu sasa hivi.

Kwanza jambo dogo kwa wasafiri. Katika daladala, treni, ndege na bodaboda, kupanda ni "get on" na kushuka ni "get off". Lakini gari dogo, kama teksi au bajaji, wanasema "get in" kwa kuingia na "get out" kwa kutoka. Ndege nazo zinazopita juu ya mapaa yetu hapa, zinaporuka wanasema "take off". Ndiyo, ni neno lile lile la kuvua viatu! Tunajua maana kwa kutazama nani anatenda. Ndege haina viatu.

MAJINA AMBAYO TAYARI MNAYO

Mnafahamu mengi kuliko mnavyodhani. Gari la mizigo midogo mnaliitaje? Pikapu. Jina hilo limetoka kwenye "pick up", maana yake okota au chukua. Bondia akiangushwa asiweze kuinuka, tunasema amepigwa nokauti. Limetoka kwenye "knock out". Bibi harusi amepakwa mekapu. Limetoka kwenye "make up", neno ambalo pia lina maana ya kutunga uongo, na tena maana ya kupatana baada ya ugomvi. Na mfanyakazi akipumzika siku moja katika juma, husema, "Leo niko ofu."

Hilo la mwisho, ofu, likumbukeni. Nitalirudia, maana limebeba hatari.

KENGELE IMELIA AU IMEZIMIKA?

Tuseme ukutani mwa kiwanda pameandikwa hivi: "If the alarm goes off, get out."

Mfanyakazi mwenye bidii analisoma. Anajua "alarm" ni kengele ya hatari. Anajua "off" ni kuzimika, kwa sababu kwenye swichi ya taa kuna "on" na "off". Basi anajiambia: "Kengele ikizimika, nitoke." Siku ya moto kengele inalia. Yeye anaendelea na kazi. Anasubiri izimike ndipo atoke!

Hilo ni kosa la kifo. Kengele ya hatari ikisemwa "goes off", maana yake inalia. Hapa "off" si kuzimika hata kidogo. Ni kufyatuka, kama mtego au bunduki inavyofyatuka. Lakini taa ikisemwa "goes off", basi imezimika kweli. Na maziwa yakisemwa "go off", yameharibika. Maneno ni yale yale, mambo ni matatu.

Na huo moto wenyewe, kuuzima ni "put out". Ukitafsiri kipande kipande utapata "weka nje". Mtu akipiga kelele "Put out the fire!", hataki ubebe moto uupeleke uani. Anataka uuzime.

Yapo pia maneno ya "keep". Kwenye lango, "keep out" maana yake usiingie. Kwenye bustani au karibu na waya za umeme, "keep off" maana yake usikanyage, usisogee. Lakini "keep on" maana yake endelea. Kwenye boksi la dawa au kopo la dawa ya wadudu utakuta "keep away from children" au "keep out of reach of children". Yote mawili yana maana ya weka mbali, watoto wasifikie. Ndugu mkulima, hilo likumbuke hata kama mengine utayasahau. Mtoto haulizi maana ya maandishi kabla ya kunywa.

OFU YA FURAHA NA OFU YA MSIBA

Sasa tulirudie lile neno nililowaambia mlikumbuke.

Tumezoea ofu ya furaha. "Day off" ni siku ya kupumzika. Tuseme asubuhi moja kuna tangazo ubaoni. Limeandikwa kwamba wafanyakazi wafuatao watakuwa "laid off" kuanzia mwisho wa mwezi. Jina lako limo. Unaliona neno "off". Unafurahi. Unawaambia watoto, "Baba nimepewa ofu!" Unakwenda zako kijijini kusalimia wazazi.

Ndugu zangu, "laid off" si mapumziko. Maana yake umeachishwa kazi kwa sababu kazi zimepungua. Hiyo ni ofu ya msiba.

Na hapo muda ni mali. Kwa sheria ya kazi ya Tanzania Bara, mtu anayelalamika kwamba ameachishwa kazi isivyo halali anatakiwa kupeleka mgogoro wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Aliyekaa kijijini mwezi na nusu akidhani yuko mapumzikoni, atarudi akute siku zimepita. Itabidi aombe kwanza asamehewe kuchelewa, na kusamehewa si lazima.

Sheria yenyewe inaitwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Inasema mambo ambayo kila mfanyakazi inafaa ayajue. Mwajiri anayetaka kupunguza wafanyakazi hana budi kutoa taarifa mapema, kueleza sababu, na kushauriana na wahusika. Na aliyefanya kazi mfululizo zaidi ya mwaka mmoja kisha akapunguzwa, analipwa mshahara wa siku zisizopungua 7 kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka 10.

Lipo jambo jingine zuri zaidi kwetu. Sheria hiyo inasema mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Na kama mfanyakazi hayaelewi maandishi hayo, mwajiri ahakikishe anaelezwa kwa namna anayoielewa. Mmesikia? Kuuliza si kujidhalilisha. Ni haki yako. Ukiletewa karatasi usiyoielewa, sema kwa adabu: "Naomba nielezwe kwa Kiswahili kabla sijatia sahihi." Kidole gumba tulikwisha kukiacha. Lakini kutia sahihi kwenye usichokielewa hakuna tofauti kubwa na kidole gumba.

Pesa nazo zina mikia yake. "Pay in" ni kuweka pesa benki. "Pay back" ni kurudisha pesa uliyokopa. "Pay off" ni kumaliza deni lote. Mkopaji ajue tofauti ya kurudisha kidogo na kumaliza.

NENO LINALOKAA KATIKATI

Sasa kuna jambo la kupanga maneno. Nitalieleza haraka.

Tukitaja mashine, tunaweza kusema "Switch off the machine" au "Switch the machine off". Yote ni sawa, zima mashine. Lakini kama hatuitaji mashine kwa jina, tunatumia "it". Hapo "it" lazima ikae katikati: "Switch it off." Hatusemi "Switch off it".

Je, ni ajabu? Si ajabu. Sisi tunasema "nimeizima". Chambueni neno hilo: ni-me-i-zima. Ile "i" ya mashine iko wapi? Iko katikati, imebanwa ndani ya kitenzi. Mwingereza naye anaibana "it" kati ya kichwa na mkia. Tumefanana.

Lakini mikia mingine imeganda, haikubali kitu kupita katikati. "Look after" na "look for" ni za namna hiyo. Tunasema "look after him", mtunze. Hapo hakuna kanuni fupi. Ni kusikia na kuzoea, kama mtoto anavyozoea.

KWA NINI WAMEFANYA HIVI?

Mzee mmoja hapa atauliza: "Kwa nini hawasemi moja kwa moja?" Jibu liko katika historia yao.

Vitenzi vifupi vyenye mikia ni vya Kiingereza cha asili. Mwaka 1066 watawala waliosema Kifaransa waliiteka Uingereza. Kwa miaka mingi Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na ya mahakama, na Kilatini lugha ya kanisa na ya vitabu. Maneno mengi marefu yakaingia. Tangu hapo Kiingereza kina maneno mawili kwa jambo moja. Kuzima moto ni "put out" katika mazungumzo, na "extinguish" katika maandishi ya kiofisi. Kuahirisha ni "put off" na pia "postpone". Kuendelea ni "go on" na pia "continue".

Ndiyo maana kijana wetu wa sekondari hujua neno refu la kitabuni, lakini akizungumza na fundi wa Kiingereza haelewi lile fupi. Shuleni mtihani ulimwuliza maneno marefu. Kazini watu wanasema mafupi.

Na wageni hawakuanza leo kulalamika. Mwaka 1755 Samuel Johnson alitoa kamusi kubwa ya Kiingereza huko London. Katika utangulizi wake alieleza kwamba vitenzi hivi vyenye vijineno ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko mengine. Bwana huyo alikuwa Mwingereza na bingwa wa lugha yake. Kama yeye alikiri, sisi tuone aibu ya nini?

TUJIFUNZEJE?

Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa "Mtu ni Afya". Watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza, wakasoma, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakuishia kwenye kusikiliza. Nashauri tufanye hivyo hivyo.

Kwanza, anza na maneno ya mahali pako. Wa kiwandani aandike ya kiwandani. Mkulima aandike ya kwenye makopo na mifuko. Mwenye simu aandike ya simu, kama "hang up", yaani kata simu, na "hold on", yaani subiri kidogo. Maneno kumi unayokutana nayo kila siku yanafaa kuliko mia usiyokutana nayo.

Pili, andika sentensi nzima katika daftari, si neno moja. Usiandike "off". Andika "Switch off the machine", na chini yake, "Zima mashine".

Tatu, someni pamoja. Anayejua amwambie asiyejua. Mtoto wa shule nyumbani naye ni mwalimu. Mzazi kumwuliza mtoto si aibu.

Nne, kwenye jambo la hatari, usibahatishe. Umeme, dawa, moto, mkataba. Uliza.

Ndugu zangu, mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wengi wa wazazi wetu walishika kalamu kwa mara ya kwanza katika miaka ile, mikono yao ikiwa na sugu za jembe. Hawakuambiwa kwamba kusoma kunaishia kwenye kuandika jina. Walijifunza ili wasidanganywe kwenye mizani, kwenye barua na kwenye hesabu. Kiingereza hiki kidogo nacho ni kwa kazi hiyo hiyo. Hatujifunzi ili tuwaringie wenzetu, wala ili tukidharau Kiswahili chetu. Tunajifunza ili maandishi yaliyo ukutani yasitudhuru.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni maandishi gani ya Kiingereza mnayoyaona kila siku kazini, shambani au nyumbani? Yapi yana mkia?
2. Eleza tofauti ya "day off" na "laid off".
3. Kengele ya hatari "ikigo-off", unafanya nini?
4. Tajeni vitenzi vingine vya Kiswahili, kama "piga" na "kata", ambavyo vingemshangaza mgeni.
5. Ukipewa mkataba usioulewa, utasema nini kabla ya kutia sahihi?